Mshiriki mkongwe anapokupinga mbele ya darasa

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa usalama kwenye kiwanda cha kusindika vyakula hapa Dar es Salaam. Nina miaka 29, na kazi hii nimeianza mwaka jana. Nimepewa jukumu la kufundisha waendesha mashine na wafungashaji namna ya kuzima mashine na kuifunga kwa kufuli kabla ya kuisafisha au kuondoa kitu kilichokwama. Mafunzo ni siku mbili, watu kama 25 kila awamu. Tatizo langu ni washiriki. Kuna mzee mmoja, opereta wa siku nyingi, kila nikieleza hatua anasema, "Hayo ya kwenye vitabu, huku hayafanyiki." Wenzake wanacheka. Msimamizi wa zamu naye anajibu maswali yote peke yake, akina mama wa kufungasha hawafungui kinywa, wawili watatu wanasinzia, simu haziishi, na siku ya pili nusu ya watu wanaingia saa tatu na nusu wakiulizia posho. Wiki iliyopita uvumilivu uliniisha. Nikamwambia yule mzee mbele ya wote, "Kama unajua zaidi, njoo ufundishe wewe." Akanyamaza, na darasa zima likanyamaza mpaka jioni. Siku ya pili hakurudi. Awamu nyingine inaanza baada ya wiki mbili na yeye yumo tena kwenye orodha. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeniletea mambo mengi kwa pamoja, lakini nitaanza na hilo la mzee, maana usipolitengeneza, mbinu nyingine yoyote nitakayokupa haitafanya kazi ndani ya ukumbi huo.

Ule ukimya wa darasa ulikuwa na maana yake. Huyo mzee, kwa unavyomweleza, huenda ndiye aliyewapokea wengi wa hao vijana walipoajiriwa. Mashine ikigoma usiku, anaitwa yeye. Wanachangiana naye kwenye misiba na kwenye harusi za watoto. Ulipomwambia aje afundishe, wewe ulikuwa unamjibu mtu mmoja, lakini wao walimwona mzee wao akiaibishwa na mtu wa ofisini aliye sawa na binti yake. Wakachagua upande, na hawakuhitaji kusema neno kuuonyesha. Kwa hiyo kila unapovutana na mshiriki, fikra zako ziwe kwa wale 24 wanaotazama. Hao ndio wengi, na kila jibu unalompa anayekupinga wanalipima kimoyomoyo: je, na mimi nikisema ninachokifikiri, nitafanyiwa hivi?

Na kwenye somo lako, ukimya una hatari kuliko ubishi. Anayebisha amekuambia waziwazi atakachofanya akirudi kwenye mashine. Aliyenyamaza atasaini karatasi ya mahudhurio, atarudi zamu ya usiku, atatia mkono kwenye mkanda ukiwa unazunguka kama alivyozoea, na wewe utabaki na faili linaloonyesha kwamba amefundishwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza mwaka 1966 jambo ambalo wakufunzi wote tumeliona kwa macho: mtu akihisi ananyang'anywa uhuru wa kujiamulia, huung'ang'ania uhuru huo hata kama anachoambiwa kina faida kwake. Opereta wa siku nyingi hana cheo kikubwa wala mshahara wa kutisha. Alichonacho ni mamlaka juu ya mashine yake: anajua sauti yake ikianza kubadilika, anajua pa kugonga. Wewe unakuja na slaidi yenye hatua saba unamwambia kuanzia leo ataigusa hivi na si vinginevyo. Hata kama hatua zako zote ni sahihi, na kwa somo hili naamini ni sahihi, kwake yeye umegusa kitu pekee alichojijengea pale kazini. Hilo halimpi ruhusa ya kukuvurugia kipindi. Linakuonyesha tu kwamba hoja zaidi na slaidi zaidi hazitamfikia.

Sasa mfuate, na ufanye hivyo wiki hii, kabla ya awamu kuanza. Mfuate, usimwite. Ukimwita ofisini atajua ni shauri la nidhamu na atakuja na maneno aliyoyapanga. Nenda kwenye mashine yake, dakika za mwisho za zamu au wakati wa chai, mahali ambapo wenzake wanaona kwamba umekwenda ila hawasikii mnachosema. Kuonekana huko ni muhimu. Ulimvunjia heshima hadharani, basi hatua ya kwanza ya kuirudisha nayo ionekane. Msalimie kama unavyomsalimia mzazi wako. Kisha sema kwa maneno machache: "Mzee, juzi nilikujibu vibaya mbele ya watu. Haikuwa sawa. Naomba unisamehe." Ishia hapo. Usiongeze "lakini na wewe", usieleze ulivyokuwa umechoka, usimkumbushe kwamba na yeye alikatiza. Akitaka kukiri la kwake atalikiri mwenyewe, na wazee wengi hulikiri haraka wakimwona kijana amefika bila kujitetea.

Likishapita hilo, muulize swali la kazi: "Ulisema hayafanyiki. Naomba unionyeshe hapa hapa, hatua ipi haifanyiki, na kwa nini." Toa daftari, kisha usikilize bila kumrekebisha hata sehemu moja.

Mambo utakayoyasikia nayajua kwa sehemu, kwa sababu viwanda havitofautiani sana. Atakuonyesha kwamba swichi kuu iko nyuma, imezibwa na mapaleti, na kuifikia ni mzunguko. Atakuambia kufuli zilizopo ni chache kuliko watu wanaotakiwa kuzifunga, kwa hiyo mtu mmoja anafunga kwa niaba ya wengine, na hapo maana nzima ya kila mtu kuwa na kufuli yake na ufunguo mfukoni mwake imepotea. Atakuambia kwamba mashine ya kufunga pakiti ikizimwa kabisa, vile vyuma vinavyobana plastiki vinapoa, na kuvirudisha kwenye joto lake ni muda, na pakiti za mwanzo zinatoka hazijashika. Halafu atakuambia jambo zito kuliko yote: kwamba malengo ya zamu hayapunguzwi hata robo saa kwa ajili ya kuzima mashine, na mkanda ukisimama, msimamizi anatokea akiuliza, "Nani kaizima?"

Ukiyaandika hayo utaona kwamba "huku hayafanyiki" ilikuwa taarifa ya kweli iliyosemwa kwa njia ya kukera. Mafunzo yanamwambia azime, msimamizi anamwambia asizime, na bonasi inahesabiwa kwa idadi ya katoni. Hakuna mkufunzi duniani, awe mzoefu namna gani, anayeweza kulimaliza hilo kwa kuongea vizuri ukumbini. Hilo unalipeleka kwa mkuu wa uzalishaji kabla ya awamu kuanza, likiwa limeandikwa, ukiomba mambo mawili tu yanayowezekana ndani ya wiki mbili: kufuli za kutosha kila mtu, na mapaleti yaondolewe mbele ya swichi. La malengo ya zamu litachukua muda mrefu zaidi, lakini mwombe aje mwenyewe darasani kulisikia. Washiriki wakifika siku ya kwanza wakakuta yale mapaleti hayapo, utakuwa umewafundisha jambo kabla hujawasha projekta: kwamba kinachosemwa hapa kinafika mahali.

Lakini mzee naye si wa kukubaliwa kila kitu kwa sababu ya mvi zake. Kuna mahali uzoefu unamdanganya mtu, kwa sababu miaka yote hiyo bahati ilikuwa upande wake. Wengi wa waendesha mashine wazoefu wataapa kwamba kuzima kitufe cha mbele kunatosha. Hapo usibishane naye, mpeleke kwenye geji, kile kipimo cha presha kilichoko kwenye mashine. Kwa mashine inayotumia upepo wa kompresa, watu wakiwa wamesimama mbali na kinga za mashine zikiwa mahali pake, muombe fundi wa umeme azime umeme kabisa, kisha waambie wote wasome geji ya upepo. Itakuwa bado inaonyesha presha. Huo upepo uliobaki ndani unaweza kuusukuma mkono wa mashine hata kama hakuna umeme nchi nzima. Kisha fundi aufungulie utoke, wausikie unavyofoka, na sindano ya geji ishuke mpaka sifuri mbele ya macho yao. Baada ya hapo ndipo abonyeze kitufe cha kuwasha, kuthibitisha kwamba haiwaki. Waongezee springi zilizobanwa, na sehemu iliyoinuliwa juu ambayo itashuka kwa uzito wake yenyewe. Mtu aliyeisoma geji kwa macho yake hana haja ya kukukubalia wewe wala kukushinda, maana mjadala umehama kati yenu wawili ukaenda kwenye chombo.

Na hapo ndipo mzee anapopata kazi. Mpe robo saa ya siku ya kwanza, kule kwenye mashine, aonyeshe wapi hasa mzigo hukwama na opereta mgeni hujaribiwa kutia mkono upande gani. Hiyo ni elimu wewe huna, na wasikilizaji wanajua huna. Ila fanyeni mazoezi naye kabla, mkiwa wawili. Kubalianeni nini lazima kiwemo na nini kisiwemo, maana mkongwe akisimama mbele ya vijana anaweza kunogewa akawaonyesha ile njia ya mkato aliyoizoea, na ikitoka kwake wataishika kuliko hatua zako saba. Usimpe nafasi hiyo ikiwa bado haamini kufunga mashine. Kumpa mtu heshima ya uongo ili anyamaze ni kumdharau kwa njia nyingine, na yeye ataitambua mara moja.

Sasa chukua kwamba umefanya yote hayo, na siku ya siku bado anakukatiza: "Hayo hayafanyiki." Usimjibu yeye kwanza. Lirudie alichosema kwa haki, pengine kwa ubora kuliko alivyosema mwenyewe: "Mzee anasema hatua ya tatu haiwezekani zamu ikiwa na oda kubwa. Wengine mnaionaje?" Waache waongee. Andika sababu zao kwenye bangokitita, yaani zile karatasi kubwa za kuandikia mbele ya darasa, upande mmoja zile mnazoweza kuzijibu hapo hapo, upande mwingine zile za kupelekwa kwa uongozi, na kila moja ya hizo iwe na jina la atakayeijibu na siku atakayoijibu. Wakufunzi wengi huwa na karatasi ya "maswali ya baadaye" ambayo hubandikwa ukutani na mwisho wa mafunzo ikakunjwa ikatupwa. Wafanyakazi wameshaizoea. Kama huna nia ya kuirudia, usiibandike.

Akirudia hoja ileile mara ya pili, mwonyeshe kwa mkono: "Liko pale, mkuu wa uzalishaji atalijibu saa nane." Sauti yako iwe ileile ya kawaida, na uendelee na sentensi uliyokuwa nayo. Mara ya tatu, tangaza mapumziko mafupi na uongee naye pembeni: "Mzee, hoja yako nimeichukua. Naona kuna jambo jingine. Ni nini?" Mara nyingi lipo. Mtu amenyimwa kupandishwa daraja, au aliumia kidole miaka iliyopita na hakuna aliyemjali, au anaogopa kwamba mafunzo haya ndiyo yatakayotumika kumlaumu ajali ikitokea. Hofu hiyo ya mwisho ina msingi, na unapaswa kuijibu kwa ukweli: karatasi ya mahudhurio inaandika nini, inatunzwa wapi, na nani anaisoma.

Kuna mambo usiyoyavumilia hata kwa nusu dakika, na hapa usichanganye upole na woga. Kulipinga somo ni haki ya mshiriki. Kumtukana mtu, kumtania mama wa kufungasha kuhusu mwili wake, kumbeza mwenzake kwa kabila au kwa kutojua kusoma, kuingia amelewa, au kuchezea mashine wakati wa mazoezi, hayo unayakata papo hapo na mbele ya wote, kwa sababu aliyeumizwa ameumizwa mbele ya wote. Maneno yawe mafupi: "Hilo hapa hatulisemi. Tunaendelea." Usihutubie, usitabasamu ili kulilainisha. Aliyelewa anaondolewa, na msimamizi wake anajulishwa. Anayevunja utaratibu kwenye mashine, mazoezi yanasimama kwa kundi zima. Washiriki wanyonge watakuangalia usoni wakati huo kuona kama chumba hiki kina mwenyewe, na wasipomwona hawatasema chochote siku zote mbili.

Msimamizi wa zamu anataka mkono tofauti. Kwa unavyoeleza, sidhani kama ana nia mbaya. Amezoea kwamba swali likiulizwa mbele ya watu wake, asipojibu yeye atadharaulika. Kumwambia darasani "tuwape na wengine nafasi" ni kumpokonya cheo mbele ya anaowaongoza, na atakulipizia kwenye ratiba ya zamu kwa kuwanyima watu ruhusa ya kuja. Mwone siku moja kabla. Mwombe akusaidie kusikia watu wake wanajua nini, na kwamba kwa sababu hiyo yeye aseme mwisho. Mpe kazi ya kufunga kila kipindi kwa kueleza lile moja atakalolisimamia kwenye zamu yake. Hapo amebaki mkubwa, na pia ametoa ahadi mbele ya mashahidi. Kama una uwezo wa kupanga upya, wafundishe wasimamizi peke yao kwanza, nusu siku inatosha. Mimi ningependelea hivyo. Opereta hawezi kukuambia mbele ya msimamizi wake kwamba msimamizi ndiye anayemkataza kuzima mashine.

Akina mama wa kufungasha nao usiwahesabu kama watu wasio na la kusema. Wamesimama mwisho wa mkanda saa nyingi, wanaona kila kitu kinachopita na kila anayekatiza. Mara nyingi wao ndio wanaojua kinga ya mashine ipi iling'olewa na haijarudishwa. Hawasemi kwa sababu swali lako linawataka wasimame wazungumze mbele ya wanaume, wakubwa wao na mgeni, bila maandalizi. Badili swali. Waache kwanza wazungumze wawili wawili kwa dakika tatu, kisha jozi mbili zikutane, kisha kila kundi la wanne litaje jambo moja. Linalotoka hapo ni la kundi, hakuna anayebeba lawama peke yake. Pia gawa vikaratasi bila majina: "Taja mahali pamoja hapa kiwandani unapopaogopa." Kwa asiyependa kuandika, achore alama kwenye ramani ya kiwanda uliyoibandika ukutani. Mwisho wa zoezi utakuta alama zimerundikana sehemu mbili tatu, na hapo ndipo pa kuanzia somo la mchana.

Ukiuliza swali, subiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, aliandika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa wastani husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumrukia mwingine, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yanarefuka na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Sekunde tatu mbele ya watu wazima walionyamaza ni ndefu mno kwa mkufunzi, lakini zivumilie. Na lile "Tuko pamoja?" liache kabisa. Jibu lake ni "Ndiyo" siku zote, na halijawahi kumwambia mkufunzi chochote.

Nchi hii ina historia nzuri ya jambo hili. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walisoma kwenye vikundi vidogo wakiwa na kijitabu na redio. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa palepale walioandaliwa kuongoza mazungumzo: sikiliza kipindi, someni, jadilini kwetu hapa hali ikoje, kisha amueni mtafanya nini, na mengi ya maamuzi hayo yalikuwa ya kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Aliyeongoza hakuhitaji kujua kuliko wote. Alihitaji kuhakikisha kwamba kila aliyekaa pale anaulizwa, na kwamba mazungumzo yanaishia kwenye kazi ya mikono. Kiongozi wa namna hiyo mzee wako hawezi kumwambia "hayo ya kwenye vitabu", kwa sababu hakudai kuwa mjuzi wa mashine yake.

Wanaosinzia: kabla ya kuwaamsha, uliza wametoka wapi. Kama wametoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi na wewe unaanza saa mbili, hapo hakuna tabia mbaya, kuna ratiba mbaya, na tena unawarudisha watu nyumbani barabarani wakiwa hawajalala. Zungumza na msimamizi wasipangiwe usiku wa kuamkia mafunzo. Kwa wengine, tatizo ni saa mbili mfululizo za slaidi. Somo lako nusu yake ni la mikono. Kaeni ukumbini kwa muda mfupi, mwende kwenye mashine, mrudi. Tena ningekushauri umwombe mwajiri hizo siku mbili zikatwe ziwe vipindi vinne vya asubuhi kwa wiki mbili, ili wanachojifunza Jumatatu wakifanye Jumanne na waje Alhamisi wakiwa na malalamiko ya kweli.

Simu na minong'ono usiyape uzito kuliko yanavyostahili. Wengine wanapigiwa na wenzao waliobaki kwenye mkanda, kwa hiyo kubalianeni asubuhi kwamba simu ya kazi inapokelewa nje na nyingine zinasubiri chai. Wanaonong'ona, sogea karibu yao ukiwa unaendelea kuzungumza, bila kuwatazama. Sikiliza kidogo kabla ya kuwakemea, kwa sababu mara nyingi mmoja anamwelezea mwenzake neno ambalo slaidi yako imeliandika kwa Kiingereza. Ikiwa ndivyo, zitengeneze slaidi upya kwa Kiswahili kinachosemwa pale kwenye mkanda.

Hilo linanipeleka kwa wachekeshaji. Umesema wengine wanacheka. Chunguza anayecheka sana anafanya hivyo wakati gani. Kama mzaha unazidi kila mnapofika kwenye kusoma au kujaza fomu, huenda hasomi vizuri, au macho yamepungua na hana miwani. Watu wengi wakivuka miaka 40 huanza kushindwa kusoma maandishi ya karibu, na fomu zenu za vibali vya kugusa mashine huwa na herufi ndogo sana. Mtu mzima atachagua kuonekana mkorofi kuliko kuonekana hajui kusoma. Kwa hiyo usimtaje mtu kwa jina ukimwambia "Tusomee hapo." Soma wewe kwa sauti, au muombe anayetaka. Fomu zijazwe wawili wawili.

Kuhusu posho na kuchelewa, wengi wa wenzetu hulichukulia kama tamaa. Mimi naona ni swali halali lililokosa jibu mapema. Wanataka kujua kama siku hizi mbili zinahesabiwa kazini, kama bonasi ya zamu itakatwa, kama kuna chakula, na kama aliyekuwa na siku yake ya mapumziko atafidiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Nenda ofisi ya rasilimali watu, pata jibu la maandishi kwa kila swali, na libandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki moja kabla. Kama hakuna posho, iandikwe kwamba hakuna, na sababu yake. Watu wazima huvumilia "hakuna" wakiambiwa mapema, lakini wakiisikia saa kumi jioni siku ya pili, umewapoteza. Baada ya hapo anza kwa saa uliyotangaza hata kama wamefika watu sita tu, na kipindi cha kwanza kiwe kile ambacho aliyekikosa atasikitika, kwa mfano mkuu wa uzalishaji kujibu maswali ya jana. Aliyechelewa usimuaibishe wala usirudie somo kwa ajili yake. Mwelekeze kiti, na jirani yake atamwambia amekosa nini.

Nabaki na uwezekano mmoja ambao hujauliza, lakini unaweza kukutokea: umemfuata mzee, umeomba radhi, na yeye amekujibu kwa mkato, "Sina neno na wewe," akageuka. Mpe siku chache, umfuate mara moja zaidi, safari hii ukiwa na jibu la jambo moja alilolalamikia, tuseme kufuli zimenunuliwa. Akikataa tena, usimbembeleze mara ya tatu. Mafunzo yaendelee, naye aje kama mshiriki mwingine yeyote, apewe heshima ileile na mipaka ileile. Kama hataki kufunga mashine baada ya kuelezwa, kuonyeshwa na kuondolewa vikwazo, hilo si suala la mafunzo tena. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu, na mfanyakazi naye ana wa kwake. Liandike, lipeleke kwa mkuu wa uzalishaji na kwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama, na mweleze mzee mwenyewe kabla hujalipeleka, ili asilisikie kwa mtu mwingine.